Mzazi, Mtoto na Nyota: Historia ya Safari za Usiku katika Jangwa la Ténéré

Jangwa la Ténéré, ambalo ni sehemu ya Sahara iliyoko kaskazini mashariki mwa Niger, kati ya milima ya Aïr upande wa magharibi na vijiji vya Fachi na Bilma upande wa mashariki, lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 400,000, na kwa karne kadhaa limevukwa kila mwaka na misafara ya ngamia iliyofuata chumvi. Misafara hiyo iliongozwa na watu wazima, lakini haikuwa ya watu wazima peke yao, kwa sababu mvulana wa Kituareg alianza kuandamana na baba yake au mjomba wake akiwa na umri wa miaka 10 au 12 hivi, akatembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na saa nyingi za mwendo wake zikawa za usiku. Wasafiri wengi wa Ulaya waliopita Sahara tangu karne ya 19 waliueleza usiku huo kama ushindi wa elimu ya nyota, kana kwamba ilitosha mtu kuinua uso na kuisoma njia mbinguni. Ushahidi uliopo unaelekeza kwingine. Nyota zilikuwa sehemu ya elimu ya jangwani, tena sehemu iliyo nyepesi. Lililokuwa zito ni kuijua nchi yenyewe, visima vyake na watu wake, na ujuzi huo haukupatikana ila kwa mtoto kuipita njia ileile mara nyingi nyuma ya mzazi wake.

Katika vitabu msafara mkubwa wa chumvi huitwa azalai, ingawa Watuareg wa Aïr wenyewe huuita taghlamt, na walioushikilia zaidi ni Kel Ewey, tawi la Watuareg lenye makazi katika mabonde ya Aïr, kama vile bonde la Timia. Kwa Kel Ewey kazi ziligawanywa tangu utotoni: wanawake na mabinti walibaki milimani wakichunga mbuzi, na wanaume na wavulana wakawa watu wa ngamia. Mvua zilipokwisha na ngamia wakawa wamenenepa, yaani mnamo Oktoba na Novemba, msafara uliivuka Ténéré ukiwa umebeba uwele na vyakula vingine, ukanunua chumvi na tende Fachi na Bilma, ukarudi Aïr, kisha ukateremka kusini hadi nchi ya Wahausa, katika maeneo ya Zinder na Kano, ambako chumvi iliuzwa, uwele wa mwaka mzima ukanunuliwa, na ngamia wakalishwa mabua mashambani mpaka majira ya mvua yakaribie tena. Mwanaethnolojia wa Kijerumani Gerd Spittler, aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Kel Ewey wa Timia katika miaka ya 1970, ameeleza kwa kirefu jinsi kazi ya ngamia na ya mbuzi inavyofunzwa kwa kuifanya, huku maelezo ya mdomo yakiwa machache sana, jambo ambalo humshangaza mtu aliyelelewa na ubao na chaki.

Chumvi yenyewe ilipatikana kwa kuchimba mashimo ambamo maji ya chini ya ardhi, yenye chumvi nyingi, hukauka kwa jua na kuacha magamba yanayovunjwa na kukusanywa. Chumvi iliyokusudiwa mifugo ilifinyangwa katika kalibu za shina la mtende ikawa nguzo fupi iitwayo kantu, na ile laini ya mezani ikauzwa kwa vipimo. Kantu ni nzito, huvunjika ikianguka, na huhitaji kufungwa kwa mikeka na kamba kabla ya kupakiwa, hivyo sehemu kubwa ya ustadi wa msafara ilikuwa ustadi wa kufunga mzigo usiokwenda upande. Mvulana aliyekuwa hajajua kufunga kantu alihesabiwa bado mgeni wa safari, hata kama alikwisha kujua majina ya nyota zote.

Sababu ya kusafiri usiku huko Ténéré haikuwa ile inayotajwa mara nyingi, yaani kukwepa joto, ingawa joto lilikuwapo na mwezi wa Oktoba mchana huweza kupita nyuzi 35. Sababu kubwa ilikuwa malisho. Bilma hupata mvua isiyofika milimita 25 kwa mwaka, na katika tambarare ya mchanga iliyo kati yake na Aïr hakuna jani ambalo ngamia angeweza kulitafuna, kwa hiyo kila siku iliyopotea njiani ililiwa kutoka katika majani makavu ambayo ngamia wenyewe waliyabeba migongoni. Kutoka Timia hadi Fachi ni karibu kilomita 300, na kutoka Fachi hadi Bilma ni kilomita 150 na ushei. Msafara unaokwenda mwendo wa mtu wa miguu hauwezi kuumaliza umbali huo kabla majani hayajakwisha isipokuwa ukianza kutembea alfajiri na kuendelea mfululizo mpaka usiku umekwenda sana, saa 15 au 16 bila kupumzika, kilomita 50 na zaidi kwa siku. Ngamia akisimama na mzigo mgongoni huchoka bila kula, na akipakuliwa mchana kazi yote ya kupakia huanza upya, kwa hiyo ilikuwa nafuu kwa kila mtu kutosimama kabisa.

Ratiba hiyo ndiyo iliyoamua maisha ya mtoto msafarani. Ngamia walifungwa mmoja nyuma ya mwingine kwa kamba iliyotoka kwenye taya la huyu hadi kwenye mzigo wa aliyemtangulia, na mvulana alipewa mlolongo wa kuuangalia, akitembea kando yake na kutazama ni mzigo gani umeanza kuegemea, kamba ipi imelegea, na ngamia yupi anavuta nyuma kwa sababu mguu unamuuma. Chakula cha mchana hakikupikwa wala hakikuliwa kitako. Kililiwa kwa kutembea, nacho kilikuwa eghajira, uji mbichi wa uwele uliotwangwa pamoja na tende na jibini kavu ya mbuzi kisha ukachanganywa na maji ya kiriba, yaani mfuko wa ngozi ya mbuzi. Bakuli lilipita mkono kwa mkono huku msafara ukienda, na mdogo ndiye aliyelirudisha mbio kwa mwenye kiriba. Usiku ukiwa umekwenda sana, kiongozi aliposimama, ngamia walipigishwa magoti, mizigo ikapakuliwa kwa mpangilio utakaorahisisha kuipakia tena gizani, majani yakagawiwa, na uwele ukapikwa kwa kuni ambazo nazo zilibebwa kutoka Aïr. Usingizi uliobaki ulikuwa wa saa chache. Shule ya nyota ilifanyika katika saa za mwisho za mwendo, wakati mtoto amechoka na anahitaji kitu cha kumzuia asisinzie, wala haielekei kwamba baba walikuwa na nguvu ya kutoa hotuba.

Nyota zenyewe mtoto alikwisha kuzijua kabla hajatoka nyumbani, na hapo ndipo nafasi ya mama inapoonekana. Katika jamii ya Watuareg akina mama ndio waliowafundisha watoto maandishi ya Tifinagh, mara nyingi kwa kuyachora mchangani, na hadithi za jioni zilikuwa mikononi mwa wanawake wa kambi. Mfaransa Henri Duveyrier, aliyeingia Sahara akiwa kijana wa miaka 19 na kuishi miongoni mwa Watuareg wa kaskazini hadi mwaka 1861, alikusanya majina ya nyota katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1864, na anga analolieleza limejaa jamaa na mifugo. Kundi ambalo katika elimu ya leo huitwa Dubu Mkubwa ni Talemt, ngamia jike, na Dubu Mdogo ni ndama wake. Kundi la Kilimia ni mabinti wa usiku, sita kati yao wakiwa na majina yao, na wa saba si binti bali ni jicho la mvulana lililomtoka likaruka mbinguni. Kundi la Orioni, ambalo huko huitwa Amanar, ni mtu anayejikwamua kutoka katika kisima chenye matope, na nyota angavu ya mguuni mwake ni mguu wa mwisho ambao haujatoka.

Hadithi ya mtu wa kisimani ina kazi ndani yake, kwa maana mtoto aliyeisikia hulikumbuka kundi hilo na kulitambua linapotoka katika upeo wa macho. Majira pia yalihifadhiwa kwa njia hiyohiyo: kuonekana kwa Kilimia alfajiri au jioni kulitenga nyakati za joto na za baridi kwa Mtuareg, kama vile kulivyomwonyesha mkulima wa pwani ya Afrika Mashariki wakati wa kutayarisha shamba, na katika Bara Arabu kuchomoza kwa Suheli mwishoni mwa Agosti kulitangaza kwamba ukali wa kiangazi umeanza kuvunjika. Huko Oman, katika vijiji vinavyonyweshwa kwa falaj, yaani mfereji wa pamoja wa maji, zamu za usiku zilipimwa kwa nyota zilizochomoza au kuzama nyuma ya mlima uliojulikana, na mtoto wa mwenye shamba alizijua nyota hizo kwa sababu zamu ya baba yake ilianza na mojawapo.

Kwa upande wa mwelekeo, jiografia ya Ténéré ilimsaidia msafiri kwa namna isiyo ya kawaida. Fachi iko karibu mashariki kamili mwa Timia, na nyota tatu za mkanda wa Amanar huchomoza karibu mashariki kamili popote duniani, kwa sababu ziko juu ya mstari unaogawa anga mara mbili sawa. Mwanzoni mwa Novemba Kilimia huchomoza muda mfupi baada ya machweo, kaskazini kidogo ya mashariki, na mkanda wa Amanar huifuata kama saa tatu usiku, kwa hiyo msafara uliotoka Aïr katika msimu wake wa kawaida uliona alama ya mashariki ikipanda mbele yake katika saa zilezile ambazo giza lilikuwa limekwisha kuondoa kila alama nyingine. Huku Amanar akiwa mbele, Nyota ya Kaskazini ilikuwa bega la kushoto, na wakati wa kurudi ikawa bega la kulia. Katika latitudo ya nyuzi 18 nyota hiyo huwa chini, kimo cha ngumi mbili tu za mkono ulionyooshwa, na vumbi la upepo wa harmatani huifunika mara kwa mara. Ndiyo maana nyota zinazochomoza zilitegemewa kuliko ile isiyohama. Nyota inayochomoza ikipanda sana huacha kuonyesha mahali ilipotokea, na mwongozaji huishika nyingine inayotoka mahali palepale, akienda hivyo mpaka msafara usimame. Mtoto mwenye akili ya kawaida angeweza kuyajua hayo katika safari moja.

Ambalo hakuweza kulijua katika safari moja ni hili: nyota humwambia mtu anakoelekea, hazimwambii aliko. Msafara ukihama kilomita tano kusini ya mstari wake utaendelea kuelekea mashariki vizuri kabisa na utakipita kisima bila kukiona. Kwa sababu hiyo kiongozi wa msafara, aitwaye madugu kwa neno la Kihausa, alipimwa kwa ujuzi wa ardhi, yaani rangi ya mchanga, ugumu wake chini ya unyayo, mpangilio wa matuta ya mchanga ambayo upepo wa kaskazini mashariki huyalaza kwa mkao uleule miaka nenda miaka rudi, na alama chache za kudumu. Maarufu kati ya hizo ulikuwa Mti wa Ténéré, mgunga mmoja uliosimama peke yake kwa zaidi ya kilomita 200 pande zote, ambao haukukatwa kwa kuni wala kuliwa na ngamia wa misafara. Karibu na mti huo kilichimbwa kisima mwishoni mwa miaka ya 1930, na ikaonekana kwamba mizizi yake ilikuwa imeyafuata maji zaidi ya mita 30 chini ya ardhi.

Ushahidi wa zamani zaidi juu ya jambo hili umo katika maelezo ya Ibn Battuta, msafiri wa Tanja ambaye wasomaji wa pwani wanamjua kwa ziara yake ya Mombasa na Kilwa ya mwaka 1331. Mnamo Februari 1352 aliondoka Sijilmasa, kusini mwa Moroko, akapita Taghaza, mji ambao nyumba zake zilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, kisha akaivuka sehemu ngumu kuliko zote hadi Walata. Anaeleza kwamba kabla ya kuingia sehemu hiyo misafara ilimwajiri mtu wa kabila la Massufa aitwaye takshif, ambaye alitangulia peke yake akiwa na barua za wasafiri kwa rafiki zao wa Walata, ili watu wa mji watoke na maji mwendo wa usiku nne kuwalaki. Takshif akifia njiani, mji haupati habari, na msafara wote au wengi wao hufa kwa kiu. Msafara wa Ibn Battuta ulimlipa wake mithkali 100 za dhahabu, na katika usiku wa saba waliona mioto ya waliokuja kuwapokea. Mwongozaji wao, anaongeza kwa mshangao, alikuwa chongo, na jicho lake la pili lilikuwa gonjwa, naye ndiye aliyeijua njia kuliko watu wote. Habari hiyo fupi inatosha kuzitia shaka kurasa nyingi zilizoandikwa baadaye juu ya mwana wa jangwa na nyota zake: mtu aliyelipwa fedha nyingi alilipwa kwa sababu ya kujuana na watu wa Walata na kuijua njia ya kufika kwao, na mtu aliyeongoza wengine hakuwa na macho ya kuitazama Kilimia.

Ulinganisho na bahari hausaidii sana kama unavyodhaniwa, lakini una funzo moja juu ya uhusiano wa baba na mwana. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 kutoka Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, alikuwa mwana na mjukuu wa marubani wa Bahari ya Shamu, na katika maandishi yake, ambayo yanagusa pia safari za pwani ya Waswahili hadi Sofala, anaeleza jinsi babu alivyoijua bahari hiyo, baba akaongeza kwa uzoefu wake, na yeye mwenyewe akasahihisha yale aliyoyakuta. Aliipima Nyota ya Kaskazini kwa vidole na kuweka hesabu ya kurekebisha kuzunguka kwake, kwani zama hizo ilikuwa mbali na ncha ya anga kwa zaidi ya nyuzi tatu, na ilipozama karibu na ikweta alitumia nyota nyingine za jirani yake. Rubani anaweza kuandika, kwa sababu kimo cha nyota bandarini hubaki kilekile na mwana anaweza kukipima upya. Madugu hakuandika, na hata angeandika, mkao wa mchanga chini ya unyayo haukai katika ubeti. Mrithi wake alipaswa kuwapo.

Si kila mtoto aliyetembea usiku jangwani alitembea na mzazi wake, na historia inayosahau hilo haijakamilika. Bilma ilikuwa pia kituo cha njia ya Kawar, iliyotoka Borno karibu na Ziwa Chad kwenda Murzuk na Tripoli, na bidhaa kuu ya njia hiyo kwa muda mrefu ilikuwa watu, wengi wao wanawake na watoto. Ibn Battuta aliporudi kaskazini mwaka 1353 kutoka Takedda, mji uliokuwa magharibi mwa Aïr, alisafiri na msafara uliokuwa na watumwa wa kike wapatao 600, na analitaja jambo hilo kwa sentensi moja bila kusita. Mwaka 1822 Mwingereza Dixon Denham, akielekea Borno kwa njia ya Kawar, alikuta kando ya kisima kimoja mifupa ya watu zaidi ya 100. Watoto wa misafara hiyo ya watumwa walitembea chini ya Amanar yuleyule, wakiongozwa na watu wanaozijua nyota vizuri, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuwafundisha chochote. Hata anga la Watuareg halikusalimika na utaratibu huo: katika simulizi alizoandika Duveyrier, Nyota ya Kaskazini ni Lemkechen, mwanamke mweusi aliyeamriwa kumshika ndama wa ngamia ili mama yake akamuliwe, na hasogei kwa sababu nyota za jirani zimekaa kitako kushauriana kama wamuue. Mtoto wa bwana na mtoto wa mtumwa waliisikia hadithi hiyo katika kambi moja, na ni vigumu kuamini kwamba waliielewa sawasawa.

Wafaransa walipoishika Agadez na Bilma mwanzoni mwa karne ya 20 waliikuta misafara ikiwa mikubwa mno, na ule wa mwaka 1906 ulikadiriwa kuwa na ngamia wapatao 20,000. Utawala mpya ulitaka misafara iende pamoja chini ya ulinzi wa askari, kisha ukachukua ngamia wengi kwa shughuli zake za kijeshi, na vita vilivyoongozwa na Kaocen mwaka 1916 na 1917, wakati Watuareg walipouzingira mji wa Agadez kwa miezi kadhaa, viliiacha Aïr ikiwa na watu wachache na ngamia wachache zaidi. Misafara ilirejea, lakini haikufikia tena ukubwa ule. Kati ya Novemba 1959 na Januari 1960 kampuni ya malori ya Berliet ilituma msafara wa magari kuivuka Ténéré hadi Ziwa Chad, na gari likaonyesha kwamba linaweza kufika. Ukame wa miaka ya 1968 hadi 1974 uliua mifugo kwa kiwango kilichowalazimisha vijana wengi kutafuta kazi Libya na Algeria, na mwaka 1973, katikati ya ukame huo, dereva wa lori aliugonga Mti wa Ténéré, mti pekee uliokuwapo wa kugongwa. Mabaki yake yalipelekwa katika makumbusho ya Niamey, na mahali pake pamesimamishwa mti wa vyuma.

Gari lilibadilisha zaidi ya kasi. Lori moja hubeba chumvi ya ngamia wengi na halihitaji majani, kwa hiyo faida ya kantu ilishuka na mvulana aliyekuwa na shule ya serikali mbele yake hakuwa na sababu nzito ya kuukosa muhula mzima kwa ajili ya safari ya Bilma. Maasi ya Watuareg ya miaka ya 1990 na yale ya 2007 hadi 2009 yalifunga njia mara kwa mara. Kel Ewey waliendelea kusafiri hata hivyo, wachache kuliko zamani, na waliobaki walikuwa wale ambao kwao ngamia bado walikuwa akiba na heshima kwa pamoja.

Wakati huohuo usiku wa jangwani ulipata wateja wengine. Watalii wa Ulaya walianza kuja Aïr kwa ajili ya matembezi ya ngamia, na baadhi ya wana wa misafara wakawa waongozaji wao mpaka usalama ulipozorota. Kwingineko duniani majangwa yaligeuka hifadhi za giza, yaani maeneo ambayo taa zimezuiwa ili nyota zionekane; NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa mwaka 2012, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Huko mzazi wa mjini humchukua mtoto wake wakalala mchangani usiku mmoja, simu ikiwatajia kila nyota wanayoielekezea, na maji yao yakiwa yamekwisha kutangulizwa kwa gari hadi mahali pa kulala. Hakuna ubaya katika starehe hiyo, na mtoto wa namna hii huenda akayajua majina ya nyota mengi kuliko aliyoyajua mvulana wa Timia. Ila kazi iliyokuwa ya takshif inafanywa na mtu asiyeonekana, na kwa hiyo mtoto hujifunza ile sehemu nyepesi peke yake.

Sehemu nzito inaendelea kudai watu. Mwishoni mwa Oktoba 2013 kaskazini mwa Niger, karibu na mpaka wa Algeria, ilipatikana miili 92 ya wasafiri ambao magari yao yaliharibika na ambao walijaribu kutembea. 52 kati yao walikuwa watoto na 33 wanawake, wengi wakiwa mama na watoto wao kutoka vijiji vya kusini mwa nchi, eneo la Zinder, ambako kwa vizazi misafara ya chumvi ilimalizia safari yake. Anga la vuli katika nchi ile huwa safi, na kaskazini haikuwa siri kwa mtu yeyote. Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye, Mei 2015, Niger ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaosafirisha wahamiaji, na madereva wa Agadez, wakiikwepa doria, wakaanza kupita usiku bila taa, mbali na njia kuu na mbali na visima vyake, hivi kwamba gari likikwama hakuna msafara mwingine utakaopita. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2023, na madereva wengi wakarudi kwenye njia ya visima.